Kuni za kambini: utoke nazo nyumbani, ununue njiani au ununue langoni?

Kuni zilizonigharimu kuliko zote ni zile nilizozipata bure. Mti ulianguka uani, nikaukata na kuupasua mwenyewe, nikajaza buti ya gari mpaka hema likahamia kiti cha nyuma. Langoni mwa kambi, dada aliyekuwa zamu alizunguka nyuma ya gari, akachukua ukuni mmoja na kuugeuzageuza.

"Kaka, hizi umezitoa wapi?"

"Nyumbani, dada."

"Nyumbani ni umbali gani?"

Mwendo wa saa nne, nikamwambia, tena kwa fahari kidogo. Akachomeka ncha ya bisibisi chini ya gome akalibandua polepole. Chini yake palikuwa na vijia vilivyopindapinda kama mwandiko wa mtoto, vimejaa unga laini wa rangi ya kahawia. Mwisho wa kijia kimoja kulikuwa na buu jeupe, limejikunja. Lilipoguswa na mwanga likajinyonganyonga. Kuni zote zikashushwa, zikachomwa siku hiyohiyo. Mimi nikaelekea kwenye kibanda chao nikanunua matita matatu kwa bei waliyotaka, kwa sababu saa ile sikuwa na sauti ya kupatana.

Siku hizi naanza na hesabu kabla ya kupakia chochote. Njia za kupata moto kambini ni tano ukizihesabu zote, ila mashindano ya kweli ni kati ya njia tatu: kutoka na kuni nyumbani, kununua kwa muuzaji wa karibu na kambi, au kununua kambini penyewe. Kuokota msituni na kuachana na kuni kabisa nitavigusa kwa kifupi.

Kwanza, kinachosafiri ndani ya ukuni

Anayeuliza bei kabla ya sheria huishia nilikoishia mimi, kwa hiyo tuanze na wadudu. Mwaka 2002, karibu na Detroit katika jimbo la Michigan, Marekani, aligunduliwa mbawakawa mdogo wa kijani aitwaye Agrilus planipennis, mwenyeji wa Asia ya mashariki. Mabuu yake hula tabaka laini chini ya gome la miti ya jenasi Fraxinus (kwa Kiingereza ash), mti ukakosa njia ya kupitisha chakula na maji, ukafa katika miaka michache. Tangu hapo imekufa makumi ya mamilioni ya miti. Mdudu mwenyewe akiruka hafiki mbali sana, lakini buu lililolala ndani ya ukuni kwenye buti ya gari linaweza kuvuka majimbo mawili kabla ya chakula cha jioni. Wakaguzi walipofuatilia maeneo mapya yaliyovamiwa, mara kwa mara waliyakuta karibu na kambi na barabara kuu.

Huyo siye peke yake. Mwaka 1996 huko Brooklyn, New York, alionekana mbawakawa mwingine wa Asia mwenye vipapasio virefu, Anoplophora glabripennis, aliyefika ndani ya mbao za kufungia mizigo. Kuna pia nondo Lymantria dispar, ambaye hutaga mayai kwa mafungu yenye manyoya ya rangi ya hudhurungi juu ya gome, na watu huyabeba bila kujua. Ongeza kuvu zinazoua miti, ambazo hazina hata mguu wa kuhesabu.

Jambo moja huwapotosha wengi. Mtu huangalia kuni zake, haoni tundu lolote, anasema ni safi. Tundu lile, dogo la umbo la herufi D kwa mbawakawa wa kijani, au la mviringo linaloingia penseli kwa yule wa vipapasio virefu, ni mlango wa kutokea. Buu huingia likiwa dogo mno kuonekana, hukaa ndani mwaka au zaidi, kisha mdudu mzima hutoboa akaondoka. Ukuni wenye matundu wakazi wake huenda wameshahama. Usio na tundu ndio unaoweza kuwa na wapangaji. Na kuanika kuni juani mwaka mzima hukausha ukuni, lakini hakumhakikishii mtu kwamba kila buu limekufa.

Kutoka nazo nyumbani

Kwa bei, njia hii haina mpinzani: mti ulianguka, shoka unalo, jasho ni lako. Gharama yake imejificha kwenye vitu viwili, umbali na uzito.

Umbali ndio sheria. New York, kwa mfano, hairuhusu kuni zisizotibiwa kwa joto kusafirishwa zaidi ya maili 50, yaani kama kilomita 80, kutoka zilikokatwa, na hata ndani ya umbali huo msafiri anatakiwa awe na karatasi inayoonyesha chanzo. Serikali kuu ya Marekani iliondoa karantini yake ya mbawakawa wa kijani Januari 2021, baadhi ya watu wakadhani mlango umefunguliwa. Haukufunguliwa. Majimbo na hifadhi nyingi zilibaki na masharti yao, na mengine hukataza kuni za kutoka nje ya jimbo hata kama nyumba yako iko hatua chache ng'ambo ya mpaka. Wanaofanya kampeni ya kutosafirisha kuni huko wana kipimo chao chepesi: maili 10, kama kilomita 16, ni bora, maili 50 tayari ni mbali. Kuvuka mpaka wa nchi ni habari nyingine kabisa. Huko usibahatishe, kuni bila cheti zitabaki mpakani, na foleni nyuma yako itakuangalia.

Uzito nao watu huusahau. Tita la kawaida la kuni ngumu zilizokauka lina kilo nane hadi kumi. Jioni mbili kwa matita matatu kila moja ni kama kilo 54, yaani umempakia abiria mmoja mzima asiyechangia mafuta. Chembechembe za gome na vumbi zitakaa kwenye zulia la buti mwaka mzima, hilo nakuhakikishia.

Kuna mlango mdogo wa nyuma ulio halali. Vipande vya mbao za ujenzi vilivyobaki, visivyo na gome na vilivyokaushwa tanurini, sehemu nyingi havihesabiwi kuwa kuni kwenye sheria hizi. Vinawaka vizuri na vinafaa kuwashia. Ila visiwe vimepakwa rangi wala dawa ya kuhifadhi mbao: mbao za zamani za kijanikijani zilizotiwa dawa yenye aseniki hutoa moshi na majivu yenye sumu. Mbao za kreti za mizigo nazo zina misumari, na ndiyo sababu kambi nyingi huzikataa. Anayekuja kupiga hema baada yako atazikanyaga peku.

Kwa hiyo kutoka nazo nyumbani kunamfaa mtu anayepiga kambi jirani, mwendo usiozidi saa moja, ndani ya eneo lilelile la kisheria, mwenye kuni za mti anaoujua. Wengine wote wanajidanganya kwa neno "bure".

Muuzaji wa karibu na kambi

Hii ndiyo chaguo langu mara nyingi, na ndiyo inayohitaji macho zaidi, kwa sababu hakuna mtu aliyekukagulia.

Faida yake inaeleweka. Kuni zimekatwa hapohapo, wadudu wake ni wa hapohapo, huleti kitu kigeni. Bei kwa kawaida iko chini ya ile ya kambini kwa sababu hakuna wa kati. Swali la kwanza kwa muuzaji si bei, ni "mti umekatwa wapi?" Muuzaji wa kweli atanyoosha kidole kuelekea upande fulani na kukupa hadithi nzima ya mti ule. Anayejibu "huko tu" huenda naye aliletewa kwa lori kutoka mbali, na hapo faida yote ya ukaribu imeyeyuka. Kama kambi inadai uthibitisho, mwombe risiti yenye mahali na tarehe, hata ya kuandikwa kwa mkono.

Swali la pili ni ukavu. Ukuni uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto lazima uyachemshe maji hayo yote kabla haujakupa joto lolote. Kilo moja ya kuni zenye unyevu wa 20% hutoa takriban kilowati-saa 4. Kilo hiyohiyo ikiwa na unyevu wa 50% hutoa kama 2.2. Maana yake tita mbichi linalouzwa nusu bei halikuokolei kitu: umelipa nusu, umepata joto nusu, na moshi umepewa nyongeza. Katika England, tangu tarehe 1 Mei 2021, kuni zinazouzwa kwa kiasi kidogo, chini ya mita 2 za ujazo, kwa ajili ya kuchomwa majumbani lazima ziwe na unyevu usiozidi 20%. Kambini si nyumbani, lakini namba hiyo ni nzuri kukaa nayo kichwani popote uendapo.

Kipima unyevu sina, natumia mikono. Nachukua kuni mbili nazigonganisha: zilizokauka hulia *ko!*, kavu na ya juu, kama vijiti vya ngoma. Mbichi husema *pu*, kama umepiga gunia. Natazama vichwa vya ukuni, zilizokauka huwa na nyufa zinazotoka katikati kama miale. Nalikwangua gome kwa ukucha, likibanduka bila ugomvi ni dalili njema. Na nikipewa ruhusa ya kupasua mmoja, naweka upande wa ndani shavuni. Nje hukauka kwanza, ndani husema ukweli. Ukihisi ubaridi wa unyevu shavuni, rudisha.

Swali la tatu, ujazo, ndipo watu wanapopunjwa. Tita halina kipimo cha kudumu. Huko Marekani matita madogo ya dukani mara nyingi huwa na futi za ujazo 0.75, kama lita 21. Kwa macho ni fungu lenye urefu wa sentimita 40 na unene wa 26. Kipimo kikubwa cha huko, kodi (kwa Kiingereza cord, si kodi ya serikali), ni futi za ujazo 128, takriban mita za ujazo 3.6. Gawanya: kodi moja ni matita 170. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha wauzaji wawili, geuza kila kitu kiwe bei ya lita moja, halafu utashangaa jinsi tita "la bei poa" linavyoweza kuwa ghali mara kadhaa kuliko kuni zilezile zikinunuliwa kwa wingi. Na kuni zilizomwagwa ovyo hujaza nafasi kubwa kuliko zilizopangwa. Usilipe bei ya zilizopangwa kwa rundo la kumwaga. Hewa haiwaki.

Kishawishi kinachofuata ni kununua nyingi kwa sababu kwa lita ni rahisi. Usiku mbili haziwezi kumaliza robo ya rundo, na hutarudi nalo nyumbani kwa sababu zilezile zilizokuzuia kuja nalo. Rahisi ghali.

Kununua kambini penyewe

Hapa unalipia usingizi. Bei kwa lita ni ya juu kuliko zote, hilo halina ubishi, na kibanda hufungwa mapema, mara nyingi muda mfupi kabla hujamaliza kusimamisha hema. Lakini hakuna wa kukuhoji, hakuna karatasi, hakuna kupakia.

Kinachokufanya ulipe zaidi kwa haki ni matibabu ya joto. Kuni zilizotibiwa zimepashwa mpaka kiini cha ukuni kifike joto linaloua wadudu kwa muda uliowekwa: kiwango cha serikali kuu ya Marekani kwa mbawakawa wa kijani kilikuwa nyuzi 60 za selsiasi kwa dakika 60, na New York imedai nyuzi 71 kwa dakika 75. Mfuko unapaswa kuwa na lebo au muhuri wenye jina la mzalishaji. Soma maneno yake kwa makini, maana "zimekaushwa tanurini" na "zimetibiwa kwa joto" si kitu kimoja. Tanuri la kukaushia linaweza kufanya kazi taratibu kwa joto dogo, likatoa kuni kavu zinazowaka vizuri huku kiini hakijafika joto la kuua. Mlinzi wa lango anatafuta neno la pili. Na usichane mfuko ukatupa lebo kabla hujafika, kuni zilizovuliwa mfuko ni kuni zisizo na asili.

Kuni hizi zilizothibitishwa ndizo pekee ninazozibeba safari ya mbali, hasa kambi ninayokwenda ikiwa haina kibanda au kibanda kinafungwa kabla ya saa yangu ya kufika.

Baadhi ya kambi zina mtindo tofauti wa malipo, na mtu asiyeujua hulipa mara mbili. Katika kambi nyingi za hifadhi za taifa za Kanada unanunua kibali cha moto kwa usiku, na kuni zimo ndani yake. Ukienda na matita yako umebeba kitu ulichokwisha kulipia. Kabla ya kulinganisha bei za nje, uliza: moto unalipiwa peke yake, au pamoja na kuni? Na kama kuna marufuku ya moto kwa sababu ya ukame, kuni za njia yoyote hazina kazi siku hiyo. Angalia tangazo asubuhi ya safari.

Kuokota, na kutowasha kabisa

Kuokota ni bure pale tu kibao kinapokuruhusu. Katika hifadhi za taifa za Marekani huruhusiwi kuokota hata mti ulioanguka, isipokuwa maeneo yaliyotengwa na msimamizi. Sababu ni kwamba gogo linalooza ni nyumba na chakula cha viumbe wengi na mbolea ya udongo. Panaporuhusiwa, okota kilicholala chini na kinachovunjika kwa mkono, usiguse mti uliosimama, hata uliokufa. Na usitegemee kuokota usiku ukiwa na njaa. Karibu na kila sehemu ya hema wenzako walishafagia miezi iliyopita.

Jiko la gesi halina mdudu, halina umbali wa kisheria na halijali marufuku ya kuni. Kilimanjaro, wapanda mlima hawaruhusiwi kuwasha kuni, na mapishi yote hufanywa kwa jiko. Kwa kupikia tu, gesi inashinda kila kitu kilichoandikwa hapa. Lakini hakuna mtu aliyewahi kukaa akizungumza mpaka usiku wa manane akitazama kichwa cha jiko la gesi.

Kati ya gesi na kuni kuna magogo ya vumbi la mbao lililoshindiliwa. Yamekauka sana, hayana gome, yanapangika vizuri garini na ni nadra kuzuiwa. Bei iko juu kidogo kwa kilo, ila joto pia. Yale yenye nta usiyapikie.

Kwa anayetaka kuziona pamoja

| Njia | Gharama inayosahaulika | Kikwazo cha sheria | Inamfaa |
|---|---|---|---|
| Za nyumbani | Uzito, mafuta, hatari ya kunyang'anywa | Umbali, mpaka wa jimbo au nchi | Anayekaa jirani na kambi |
| Muuzaji wa karibu | Kuni mbichi, ujazo wa kupunjwa | Kidogo. Risiti ya chanzo | Mwenye muda wa kusimama na kukagua |
| Zilizotibiwa, zenye lebo | Bei kwa lita | Karibu hakuna, lebo ikibaki | Msafiri wa mbali |
| Kibanda cha kambi | Bei, saa za kufunga | Hakuna | Anayefika kabla ya jioni, usiku mmoja au mbili |
| Gesi | Mtungi na jiko | Hakuna, ila marufuku kali ya moto | Wapishi, majira ya ukame |

Hesabu ninayoifanya sasa ni fupi. Usiku mmoja, nafika mapema: nanunua kambini matita mawili na silalamiki. Usiku mbili au tatu: naondoka nyumbani buti tupu, nasimama kwa muuzaji wa mwisho kabla ya lango, nagonganisha kuni, nanunua tita moja na nusu kwa kila jioni; tita moja hunitosha kama saa moja na nusu ya moto wa kuzungumzia, zaidi ukiupa nafasi uzame kwenye makaa badala ya kuulisha kila dakika. Kambi isiyo na muuzaji wala kibanda: natoka na mifuko ya kuni zilizotibiwa na lebo zake, pamoja na mfuko mdogo wa vipande vya mbao safi vya kuwashia. Kambi ya mpakani: gesi.

Asubuhi ya kuondoka hubaki kuni chache. Kuzirudisha nyumbani ni kosa lilelile likienda upande wa pili, kwa hiyo nazichoma na chai ya mwisho, au nazipeleka kwa jirani wa hema la pili. Bado hajanikatalia mtu.